Namna ya kumbana diwani juu ya kiinua mgongo cha watumishi wa halmashauri

Nilikaa masijala ya halmashauri moja mkoani Dodoma hadi nilipostaafu, na barua za madai ya kiinua mgongo nilizipokea mwenyewe. Nyingi zilikufa kabatini kwa sababu hakuna kiongozi wa kuchaguliwa aliyeulizwa juu yake. Inaniuma mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Kwanza piga hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 42, inampa aliyeachishwa kazi na mwajiri mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka 10. Jirani yangu wa Kibaigwa alihudumu zahanati miaka 6: siku 42. Mkataba ukiisha kwa muda wake, au mtu akifukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, dai hilo halipo. Msimpe mtu tumaini la uongo.

Barua ya dai ipeleke mwenyewe kwa mkurugenzi wa halmashauri, na nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe. Bila huo utaambiwa haijafika.

Sasa diwani. Hapa wengi hulegea: wanamshika msibani au mnadani, anaitikia, yanaishia hapo. Mwandikie ukurasa mmoja wenye majina, miaka ya kazi, kiasi na tarehe ya muhuri. Aulize kwenye kamati ya fedha: je, deni limo kwenye orodha ya madeni ya watumishi? Limetengewa fedha katika bajeti inayoanza Julai? Mshikilie jibu liandikwe kwenye muhtasari, maana kikao kinachofuata litarudi chini ya yatokanayo, yaani mambo yaliyobaki kikao kilichopita, na mkurugenzi atalazimika kulieleza tena.

Siku ya baraza la madiwani nendeni mkakae, hata watatu. Mbunge naye ni mjumbe pale, na yeye hulipwa kiinua mgongo Bunge linapovunjwa. Aulizwe kwa heshima kwa nini mhudumu wa zahanati asubiri.

Wakinyamaza, ombeni taarifa kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa halmashauri siku 30 kujibu. Nakala iende kwa wakaguzi wa CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ripoti yake hutua bungeni, hapa hapa Dodoma, na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa ina mamlaka ya kumhoji mkurugenzi, kwa kuwa ndiye afisa masuuli, anayewajibika kwa fedha za halmashauri.

Wakati huohuo chunga siku zako. Mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na mtumishi wa umma hutakiwa amalize kwanza rufaa za ndani ya utumishi.