Kupanga orodha ya makala za mtafiti wa saratani

Anzia ORCID, utambulisho wa kipekee wa mtafiti: namba ya tarakimu 16, bure, japo ya mwisho huweza kuwa X. Majina ndiyo yanayosumbua. Mtafiti wa Mombasa mwenye jina lake, la baba na la babu anaweza kuingizwa PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, kwa la babu leo, kesho kwa la baba. Kazi zake zikagawika, au akabebeshwa za wenziwe. Tafuta kila umbo la jina ukifuatisha [au], alama ya PubMed ya kutafuta kwa mwandishi, kisha hakiki taasisi.

Kila makala ipe DOI yake, yaani namba yake ya kudumu mtandaoni, inayoanza na 10. Rasimu zisizohakikiwa na ikisiri za mada za mikutano ya kisayansi ziweke kando. Epidemiolojia, elimu ya kuenea kwa magonjwa, huwa na makala za waandishi mamia: eleza alichofanya yeye hasa, kama ni takwimu au kukusanya sampuli. Makala iliyofutwa usiifiche, iandike hivyo.