Cheti kisubiri masika: namna ya kuwapata washindi wa kazi za barabara na mitaro

Kila Mei Mosi inapokaribia, mwenyekiti wa mtaa au ofisa wa kata hunipigia simu. "Mzee, shikamoo. Njoo utusaidie, tunataka kuupa cheti mradi uliofanywa vizuri pamoja na vijana walioufanya." Naitikia kwa moyo wote. Nimekuwa fomeni wa barabara na mitaro Dar es Salaam kwa miaka 27, na nawajua watu waliozeekea saiti bila kuambiwa hata asante. Lakini kabla sijavaa buti nawapa sharti langu: kazi ambayo haijanyeshewa haipewi cheti.

Sharti hilo nililipata kwa uchungu. Mwaka mmoja tulisimama kwenye barabara ya mtaa isiyofika hata nusu kilomita, lami inang'aa, mistari myeupe imenyooka, tukapiga makofi na kukabidhi cheti siku ileile ya uzinduzi. Masika ilipofika, lami ilimenyeka ukingoni kama ganda la chungwa. Ukingo wa mtaro ulikuwa juu ya barabara kwa vidole viwili. Maji yalikosa pa kuingilia, yakatuama kando ya lami, yakapenya chini na kulainisha kifusi, halafu magari yakamalizia. Nilikuwepo siku ya makofi, na vidole viwili vile sikuvipima.

Kwa hiyo chukueni kazi zilizokabidhiwa mwaka uliotangulia. Kufikia Mei Mosi zitakuwa zimeonja vuli ya Oktoba hadi Desemba na sehemu kubwa ya masika. Kuna faida nyingine: mara nyingi mkandarasi huwa bado yuko ndani ya kipindi cha matazamio, ambacho kwa kawaida ni miezi 12, kwa hiyo kasoro mtakayoiona atairekebisha kwa gharama yake.

Siku ya ukaguzi iwe siku ya mvua. Najua wajumbe hawapendi, ila chukueni miavuli mwende. Simameni pale barabara inapoinama na mtazame maji yanaelekea wapi. Mvua ikikatika, angalieni saa mjue maji yanachukua muda gani kuondoka. Barabara iliyotengenezwa vizuri huacha unyevu tu, haiachi madimbwi. Kisha ufuateni mtaro mpaka mwisho wake, na hapa nawasihi msichoke. Nimeona mitaro ya zege safi kabisa ambayo mwishoni inamwaga maji yote kwenye ua wa mama mmoja mjane, kwa sababu michoro ya mradi iliishia pale. Katika mji huu kila tone lina pa kwenda, na mengi yanaishia bonde la Msimbazi, na wote tunajua Jangwani, ndani ya bonde hilo, inavyofurika mvua kubwa ikinyesha. Mtaro unaohamishia mafuriko kwa jirani msiupe cheti, hata ukiwa umenyooka namna gani.

Siku ya pili mwende kukiwa kukavu, mkiwa na futi na mpira wa maji, ule mwembamba wa mafundi unaoonyesha maji ndani. Mmoja ashike ncha katikati ya barabara, mwenzake ukingoni. Maji yakitulia yatakuwa levo moja pande zote mbili. Pimeni kutoka usawa wa maji hadi lami kila upande, kisha toeni kipimo kidogo kwenye kikubwa. Barabara ya lami kwa kawaida hushuka sentimita 2.5 kwa kila mita ya upana, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingo wa mita 3 mnatarajia sentimita 7.5 hivi. Fanyeni hivyo sehemu tano au sita, zisiwe zile mnazoonyeshwa na mwenyeji wenu.

Zege lina lugha yake. Inameni muangalie ubavu wa mtaro na mifuniko yake. Mkiona matundu kama masega ya nyuki, zege halikutetemeshwa vizuri wakati wa kumwaga ili hewa itoke. Mkiona nondo zinachungulia au mistari ya kutu, nondo hazikuachanishwa vya kutosha na mbao za kumwagia zege. Gongeni kwa nyundo ndogo: lililoshiba hulia kwa mkazo, lenye uwazi ndani hulia kama debe. Halafu ombeni majibu ya maabara. Kila zege la maana huwa na vitofali vya majaribio, sentimita 15 kila upande, vinavyopasuliwa siku ya 7 na siku ya 28 kupima nguvu yake. Mbio za Mwenge huwa na utaratibu huu wa kudai nyaraka kabla ya kuzindua mradi, na ukiwa na kasoro hawauzindui. Na nyinyi msione haya kuuliza.

Ila kuna jambo ambalo halimo kwenye nyaraka. Zege hupata nguvu likiwa na unyevu. Likikaushwa na jua mapema linapasuka na uso wake unakuwa vumbi. Ndiyo maana hufunikwa magunia na kumwagiliwa, angalau siku 7. Jumapili moja saa nane mchana nilipita kwenye kalavati jipya, kile kivuko cha maji chini ya barabara, huko Mbagala. Hapakuwa na fomeni wala gari. Alikuwepo kijana mmoja, suruali imekunjwa mpaka magotini, anachota maji kwenye pipa kwa kopo la rangi, anamwaga polepole kuanzia ukingoni, anainua pembe ya gunia na kugusa zege kwa kiganja, kisha analirudisha. Nikamwuliza, "Kijana, leo si mapumziko?" Akanijibu, "Mzee, lilimwagwa juzi. Jua hili likilipata litachanika. Nami naishi hapo nyuma tu." Hakulipwa siku ile. Jina lake lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio la vibarua tu, si kwingine.

Watu wa namna hii ndio mnaowatafuta, na hamtawapata kwa kumwuliza mkandarasi. Waulizeni waliokaa na kazi ile usiku na mchana: mama ntilie, waendesha bodaboda, walimu wa shule ya jirani. Je, usiku mashimo yaliwekewa uzio? Bomba la maji lilipokatwa, lilirudishwa siku hiyohiyo au wiki nzima watu walibeba ndoo? Nani aliweka ubao wa kupitia ili bibi mwenye fimbo asizunguke mtaa mzima? Mtaona jina moja au mawili yanarudi kila mnapouliza. Yaandikeni.

Mei Mosi watumishi wa ofisi huwa na utaratibu wao wa kumpata mfanyakazi hodari. Kibarua wa saiti mara nyingi hayumo kwenye orodha yoyote. Kazi ikiisha anaondoka na koleo lake, na saiti inayofuata anaanza upya kama mtu asiyejua lolote. Kwa hiyo nawaomba mtoe vitu viwili. Cheti kimoja kiwe cha mradi, kimtaje mkandarasi na mhandisi, nao wanastahili. Kisha kila kijana mliyemtambua apewe barua yake, yenye muhuri wa mtaa.

Barua hiyo isiseme "mchapakazi na mwenye nidhamu". Barua zote husema hivyo na hakuna anayeziamini. Iseme alichokifanya: "Alisimamia umwagiliaji wa zege la kalavati kwa siku 7 mfululizo, ikiwemo Jumapili. Kalavati limepita masika bila ufa." Fomeni wa saiti nyingine akisoma hayo anajua papo hapo amempata mtu gani. Andikeni pia aina ya kazi, miezi aliyofanya, na cheo na simu ya ofisi ya mtu wa kuulizwa.

Jina lake aliandike mwenyewe kwenye karatasi, nanyi linakilini kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. Nimeona mtu akipokea cheti chenye jina la babu yake limekosewa, akashukuru kwa adabu, lakini uso wake haukuwa wa kushukuru.

Mkabidhiane palepale, juu ya kazi yenyewe, siyo ukumbini. Majina yasomwe kwa sauti majirani wakiwepo, na watoto wake waitwe. Bahasha ikiwepo ni vizuri, hata ikiwa ndogo. Na barua mkaipige lamineshi kabla ya kumpa, kwa sababu vyumba vingi vya kupanga vinavuja na karatasi tupu haitamaliza masika inayokuja.