Kupima peleti za bastola ya upepo kabla ya kununua bechi nzima

Majira ya baridi mwaka juzi niliagiza makopo kumi ya peleti kwa mkupuo mmoja. Kopo la majaribio lilikuwa limenipa kundi la matundu dogo (yaani yaliyokaribiana) kuliko yote niliyowahi kupiga, nikaona nisilaze damu. Makopo yalipofika, chapa ilikuwa ile ile, kichwa milimita 4.50 vile vile, lakini namba ya bechi, yaani ya mkupuo wa kiwandani, iliyobandikwa chini ilikuwa nyingine. Sikuijali. Kwa miezi miwili nikawa napata alama za nane za ajabu badala ya kumi, upande wa kulia. Nikachezea kifyatulio, nikakwangua mpini wa mbao kwa msasa, nikamlaani muuzaji kimoyomoyo. Mwisho nikaifunga bastola kwenye jiliwa, kile kibanio cha fundi cha mezani, nikapima. Bechi mpya ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kweli. Lakini zile nane zilikuwa zangu mwenyewe.

Tangu hapo kila msimu napima kwanza, ndipo nanunua. Kazi yote ni jioni moja. Naandika kwa ajili ya wanaopiga bastola ya upepo ya mita 10, ile ya Olimpiki, ya milimita 4.5. Mimi nipo Ujerumani, Bavaria, ambako bastola ya upepo isiyozidi jouli 7.5 na yenye alama ya F ndani ya pembe tano inamilikiwa na yeyote aliyetimiza miaka 18. Kwingine sheria ni tofauti kabisa. Ukiwa nyumbani Afrika Mashariki, ulizia kibali kwanza, kabla hujaagiza hata kopo moja.

Neno moja kabla ya kuanza. Kiswahili kinaita "risasi" ile madini laini ya kijivu, na kinaita "risasi" kile kinachotoka mtutuni. Hapa vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja, kwa hiyo nitasema peleti tusije tukapotezana. Ni kile kidude chenye kichwa bapa, kiuno chembamba kama cha nyigu, na sketi wazi kwa nyuma. Kichwa hushika michirizi ya ndani ya mtutu, nayo sketi husukumwa na hewa ikatanuka, ikaziba isivuje. Kichwa ni bapa ili kitoboe karatasi tundu la duara safi, mwamuzi asibabaike.

Hatua ya 1: Jua unatafuta milimita ngapi

Watu wengi huruka hapa, na ndipo fedha zinapopotelea.

Duara la kumi kwenye shabaha ya bastola lina kipenyo cha milimita 11.5. Peleti ni 4.5. Ukigusa mstari tu umepata kumi, kwa hiyo kitovu cha peleti kinaruhusiwa kukaa hadi milimita 8 kutoka katikati: 11.5 kujumlisha 4.5, gawa kwa mbili. Maana yake, kundi lenye upana wa milimita 16 kutoka kitovu hadi kitovu, likikaa katikati sawasawa, ni kumi tupu. Peleti za mashindano kutoka kwa mtengenezaji yeyote wa maana, zikipigwa kwenye jiliwa, hukaa ndani ya eneo hilo na nafasi ikabaki.

Sasa weka mkono wako kwenye hesabu. Makosa haya hayajumlishwi kama sukari na unga. Tuseme mtawanyiko wa mkono wako ni 12 na wa peleti ni 1. Jibu si 13. Unachukua 144 na 1, unajumlisha, unatafuta kipeuo cha pili cha 145, unapata 12.04. Peleti mbovu yenye mtawanyiko wa 3 inakupeleka 12.37. Mtu wa pointi 540 kati ya 600 hataiona tofauti hiyo kwa macho. Mtu wa 580 ataiona. Na anayeingia fainali, ambako alama huhesabiwa kwa desimali na kila milimita 0.8 ni sehemu moja ya kumi ya pointi, ataililia.

Basi mtu wa 540 apime ya nini? Apime ili nane ikitokea ajue ni ya nani. Mimi hiyo peke yake imeniondolea miezi ya kuchezea skrubu.

Hatua ya 2: Kusanya aina tatu au nne, si kumi

Chukua kopo moja moja. Uzito wa peleti za bastola huanzia karibu gramu 0.45 na kupanda, wakati za bunduki ya upepo zina takriban 0.53. Unaweza kuzijaribu za bunduki pia, hazina dhambi, ila zinatoka mtutuni polepole zaidi, na mkono una muda zaidi wa kuharibu mambo. Kipenyo cha kichwa huandikwa kwenye kopo au kwenye kibandiko: 4.49, 4.50, wakati mwingine 4.48 au 4.51. Mtutu wako unapenda kipi, hakuna atakayekuambia ila mtutu wenyewe. Hapa Bavaria wengi hununua R10 za RWS, kwa kuwa kiwanda kiko Fürth, karibu na nyumbani. Wengine huapa kwa peleti za H&N au JSB ya Ucheki. Nimeona bastola mbili za mfano mmoja, zilizonunuliwa wiki moja, kila moja na ladha yake.

Andika namba ya bechi ya kila kopo kwenye daftari. Fanya hivyo sasa, usisubiri baadaye.

Halafu tafuta mwenzako na vikombe vinne vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono. Mimi nina vyangu kutoka Mombasa, vimepata kazi mpya na havirudi tena jikoni, kwa sababu ya risasi. Mwenzako ahesabu peleti 35 katika kila kikombe, aandike chini yake A, B, C, D, na orodha ya kipi ni kipi abaki nayo yeye. Usiione. Utaniambia bastola iliyofungwa kwenye jiliwa haina upendeleo. Bastola haina, lakini mwenye kalipa, kile kifaa cha kupimia matundu, anao. Kundi la peleti aliyoilipia ghali hulipima kwa huruma.

Hatua ya 3: Kagua, lakini usipitilize

Mwaga peleti kwenye kitambaa cheusi chini ya taa. Unatafuta sketi iliyobonyea, kichwa chenye mkwaruzo, vipande vya risasi vilivyoning'inia. Kopo zuri la peleti 500 litakupa chache tu za kutupa, au lisikupe hata moja. Ukikuta nyingi, huenda kopo lilidondoshwa njiani.

Kuna na mtihani wa kuviringisha. Chukua kioo cha fremu ya picha, kiinue upande mmoja kwa upana wa penseli, achia peleti kutoka juu. Kwa kuwa kichwa na sketi havilingani kipenyo, peleti haiendi moja kwa moja, inapinda. Zinazofanana hupinda sawa. Inayokwenda njia yake peke yake, iweke kando. Kwa peleti za bei rahisi mtihani huu unasaidia sana. Kwa za mashindano ni burudani zaidi kuliko kazi.

Kuhusu kupima uzito wa kila peleti kwa mizani ya sonara: niliwahi kupima kopo zima, jioni mbili, macho yakanitoka machozi. Kwa mita 10, tofauti ya miligramu chache haionekani kwenye karatasi. Sijarudia.

Hatua ya 4: Funga bastola

Hakikisha mtutu ni mtupu, weka kamba ya usalama, ile ya kuonyesha kwamba mtutu hauna peleti, vaa miwani. Toa mpini. Kwenye jiliwa shika fremu peke yake, kati ya vipande viwili vya mbao laini au ngozi nene. Usibane mtutu, usibane silinda ya hewa. Ukibana mtutu unaupinda kwa kiasi usichokiona, nawe utadhani peleti ndiyo iliyopinda. Jiliwa lenyewe lifungwe kwenye meza isiyotikisika. Sisi kilabuni tuna meza ya zege, na bado mzee mmoja akipita nyuma na viatu vyake vya mbao namsubiri afike mlangoni ndipo nipige.

Huna jiliwa? Kaa kwenye kiti, egemeza mikono yote miwili juu ya mfuko wa kitambaa uliojaa mchele, mtutu ukielea hewani bila kugusa kitu. Utapata makundi makubwa zaidi, ila bado utaweza kulinganisha kopo na kopo.

Jaza silinda, kwa kawaida bar 200, na usipige majaribio geji ikiwa imeshuka chini ya kiwango alichoandika mtengenezaji wa bastola. Kabla ya kuanza pitisha vipande vichache vya sufi vya kusafishia mtutu, kisha piga peleti kumi na tano hivi za kawaida bila kuzihesabu. Mtutu uliotoka kusafishwa hutupa huku na kule mpaka upate utando wake mwembamba wa risasi. Baada ya hapo usisafishe tena hadi jaribio liishe.

Hatua ya 5: Piga kwa zamu

Peleti tano za kwanza za kila kikombe ni za kuuzoesha mtutu, zipige kwenye kadi ya takataka. Zinabaki 30, yaani makundi matatu ya kumi kumi.

Usimalize kikombe A chote ndipo uende B. Nenda A, B, C, D, kadi mpya kila mara. Mzunguko wa pili geuza: D, C, B, A. Wa tatu anzia katikati. Saa mbili zikipita chumba kimepata joto au baridi, hewa ya silinda imebadilika, jiliwa limelegea kidogo. Ukipiga kwa zamu, shida hizo zinagawanyika kwa wote.

Kila peleti iingize kwa namna moja. Mimi naisukuma kwa ncha ya kidole gumba mpaka sketi imezama sawa na ukingo wa mtutu, bila kuibonyeza kwa ukucha. Nyuma ya shabaha weka kipande cha kadibodi ngumu, tundu litoke safi.

Hatua ya 6: Pima

Hapa kalipa ya dijitali inatosha. Pima ukingo wa nje hadi ukingo wa nje wa yale matundu mawili yaliyo mbali zaidi, kisha toa 4.5. Ukipata milimita 8.3 kwa nje, kundi lako ni 3.8. Andika nyuma ya kadi yenyewe, pamoja na herufi ya kikombe. Chukua wastani wa makundi matatu.

Kuna mtego unaonasa hata wakongwe. Kadi ya majaribio inayokuja na bastola mpya mara nyingi ni ya peleti tano. Wewe umepiga kumi. Peleti zile zile, bastola ile ile, kundi la tano hutoka dogo kuliko la kumi kwa karibu sehemu moja ya tano, kwa hesabu tu: ukirusha mara nyingi zaidi, nafasi ya kwenda mbali inaongezeka. Kwa hiyo usikimbilie kuandika barua ya malalamiko. Na usipime kwa makundi ya peleti tatu tatu. Ukipiga tatu mara nyingi vya kutosha, hata kokwa za mapapai zitakupa kundi la kujivunia.

Mtego wa pili ni tundu lililotoka nje. Kama jiliwa liliguswa na ukasema kwa sauti kabla hujaitazama kadi, lifute. Kama umeliona ndipo ukakumbuka kwamba jiliwa liliguswa, libaki.

Hatua ya 7: Soma matokeo, kisha muulize mwenzako

Wastani wa 3.8 na wa 4.1 ni kitu kimoja. Rudia jaribio kesho na huenda wakabadilishana nafasi. Wastani wa 3.8 na wa 6, hapo kuna neno. Lakini mimi naangalia kitu kingine kwanza: je, kikombe kina tundu moja linalotoroka katika kila kadi? Peleti inayokupa kundi la 4.5 kila mara naipenda kuliko inayokupa 3, 3, halafu 7. Hiyo ya pili ndiyo itakayokufanya umshuku mkono wako usio na hatia.

Ukishaamua herufi, ndipo ufunue majina. Mara mbili kati ya tatu zangu, aliyeshinda hakuwa wa bei ya juu.

Hatua ya 8: Rudi kwenye mkono

Rudisha mpini, simama, piga 40 za kawaida kwa mshindi. Kundi linaweza kukaa mahali pengine kwenye shabaha, juu au kushoto, kwa sababu uzito na kasi vimebadilika. Rekebisha kilengeo cha nyuma na uandike umegeuza mibofyo mingapi.

Hatua ya 9: Nunua bechi, si chapa

Mpigie muuzaji siku hiyo hiyo. Mtajie namba ya bechi, mwambie hutaki mbadala. Kama hana, mwache. Kama anayo, nunua ya msimu mzima. Nilipokosea mimi, nilibofya "makopo kumi" usiku wa manane bila kumuuliza mtu.

Yaweke mahali pakavu pasipo na jua, si kwenye buti la gari. Acha sponji ndani ya kopo ili peleti zisigongane, na unapozitoa zichote, usizimimine. Ukimaliza nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa chai au mtoto, kwani unga wa risasi hauonekani. Juu ya kila kifuniko naandika kwa kalamu ya wino mzito namba ya bechi na tarehe niliyofungua. Zinapobaki kama hamsini chini, zenye unga na zilizogongana, nazihamishia kopo la mazoezi, lenye msalaba mwekundu, nisije nikalibeba siku ya mashindano.