Jinsi ya kupanga matembezi ya likizo ya kiangazi mpaka shule ifunguliwe, bila kukimbizana

Mimi ni mama wa watoto watatu, wa mwisho yuko darasa la pili na mkubwa ana miaka 14, na kila likizo ya kiangazi mimi na baba yao ndo tunapanga matembezi na kuwaandaa kurudi shule. Wazazi wengi wanavitenganisha hivi vitu viwili, matembezi kwanza, alafu ikibaki wikiendi moja ndo wanaanza kuhangaika na sare, madaftari na watoto ambao asubuhi hawaamshiki. Sisi tunavipanga kwa pamoja, manake matembezi yenyewe ukiyapanga vizuri ndo yanamrudisha mtoto kwenye ratiba ya shule.

Hatua ya 1: Chukua kalenda, anzia mwisho

Zungushia tarehe shule inapofunguliwa alafu rudi nyuma wiki mbili upige mstari. Kabla ya mstari weka matembezi makubwa yote, ya mbali, ya kulala ugenini, yale ya kurudi nyumbani usiku. Baada ya mstari yabaki ya karibu tu na yawe ya asubuhi, sababu utaiona kwenye hatua ya 4. Siku mbili za mwisho kabisa usipange chochote, hata mtu akukaribishe vipi, kuna nguo za kufua na kuna mtoto atahitaji tu kukaa.

Fanya hii kazi na watoto wenyewe. Kila mmoja achague tembezi moja lake ambalo halifutwi, mengine yote yanategemea hali ya hewa na mfuko. Mtoto akiona lake limeandikwa pale ukutani anaacha kuuliza kila siku tunaenda lini.

Hatua ya 2: Matembezi makubwa, mambo matatu usiyaachie bahati

Jua ni kali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, kwa hiyo muda huo tafuta kivuli, kofia iwepo, na losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi (SPF ni kipimo cha kinga, kimeandikwa kwenye chupa) ipakwe dakika 15 kabla ya kutoka, urudie kila baada ya saa mbili na kila mtoto anapotoka kwenye maji.

Maji sasa. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono, anazama kimya kimya na watu wamekaa palepale. Chagueni mtu mzima mmoja wa kuangalia maji, jina lake litajwe kabisa, simu aiweke chini, na baada ya muda mbadilishane. Kwa wadogo na wasiojua kuogelea uwe karibu kiasi cha kumshika ukinyoosha mkono. Watu wazima wanane wakikaa ufukweni bila kupangana, kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia, hilo linanitia hofu kuliko kitu chochote cha likizo.

Na gari, usimwache mtoto ndani hata kama unaenda kulipa tu na kurudi. Joto la ndani linaweza kupanda nyuzi 11 za Selsiasi kwa dakika 10, na mwili wa mtoto unapata joto haraka kuliko wa mtu mzima.

Hatua ya 3: Hesabu ziingie njiani

Mwaka 1996 mtafiti wa Marekani Harris Cooper na wenzake walipitia tafiti 39 kuhusu likizo ya kiangazi wakakuta kwa wastani alama za watoto zinarudi nyuma kama mwezi mmoja wa masomo, na hesabu inaumia kuliko kusoma. Sasa usikimbilie kununua vitabu vya mazoezi na kumfungia mtoto chumbani. Mpe bajeti ya tembezi moja ashike hela mwenyewe, ajumlishe nauli, vinywaji na kiingilio, aseme itabaki ngapi. Akisoma ramani anakwambia tumebakiza kilomita ngapi na kwa mwendo huu tutafika saa ngapi. Watoto wangu wanabishana sana kwenye hili na mimi nawaacha wabishane, manake hapo ndo wanapiga hesabu kweli.

Kusoma ni rahisi zaidi, kitabu alichochagua yeye kikae kwenye begi la safari, basi.

Hatua ya 4: Usingizi, na hapa ndo pa kukaa

American Academy of Sleep Medicine, chama cha Marekani cha wataalamu wa usingizi, mwaka 2016 ilitoa mwongozo kwamba watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Chukua saa ya kuamka siku za shule uhesabu kurudi nyuma. Tuseme anatakiwa aamke saa 12 asubuhi na mwili wake unataka saa 10 za usingizi, basi alale saa 2 usiku. Kwenye likizo analala saa 4 na nusu na kuamka saa 2 na nusu asubuhi, yaani kuna tofauti ya saa mbili na nusu, dakika 150. Ukisogeza dakika 15 kila siku zinakwisha kwa siku 10, na zile wiki mbili za kwenye kalenda zinakuachia siku chache za kuteleza.

Wengi wanaanza na kumlazimisha mtoto alale mapema, anabaki kitandani macho makavu, anaitaita, mnagombana. Anza na kuamka. Akiamka mapema na kupata mwanga wa asubuhi, saa ya mwili inasogea na usiku usingizi unakuja mapema wenyewe. Ila mtoto wa likizo ataamka mapema kwa ajili ya nini? Ndo maana yale matembezi ya baada ya mstari ni ya asubuhi: kuendesha baiskeli kabla jua halijawa kali, kwenda kuangalia ndege, kuogelea sehemu kukiwa bado hakuna watu. Kila tembezi lianze mapema kidogo kuliko lililopita, na siku zisizo na tembezi fungua pazia muda uleule mtoke hata nje ya mlango.

Jioni punguza taa, na simu na tableti zikae nje ya chumba saa moja kabla ya kulala. Mkubwa mvumilie, wakati wa balehe melatonini, homoni ya usingizi, inachelewa kutoka, kwa hiyo akikwambia hana usingizi saa 3 usiku hakudanganyi. Kwake kaza kwenye kuamka na mwanga, na wikiendi asilale mpaka mchana.

Hatua ya 5: Begi na viatu

Viatu pima jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, mtoto asimame, mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Begi lililojaa lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, mtoto wa kilo 30 abebe kilo 3 mpaka 4 na nusu, na mikanda yote miwili ivaliwe.

Hatua ya 6: Tembezi la mwisho ni njia ya shule

Kwa anayeanza shule mpya au darasa jipya, mojawapo ya matembezi ya wiki ya mwisho liwe kwenda mpaka getini kwa njia atakayotumia na saa ileile. Mkiwa mnatembea bega kwa bega ataongea yanayomtia wasiwasi, kuliko ukimkalisha na kumuuliza mezani. Usimjibu haraka kwamba kila kitu kitakuwa sawa. Muulize anaogopa nini hasa, mara nyingi ni kitu kidogo kinachopatiwa jibu, kama choo kiko wapi au atakaa na nani mapumziko.

Hatua ya 7: Wiki ya kwanza

Jioni za wiki hiyo hakuna kutoka, watarudi wamechoka na wadogo wanaweza kulia bila sababu ya maana. Ila Jumamosi ya kwanza iwe na tembezi fupi la asubuhi, na liandike kwenye kalenda mapema kabla shule haijafunguliwa, ili walione.