Utafiti wa VVU na homa ya ini C kwa wanaojidunga: namna ya kuuendesha kwa kuponi

Nyumba kwa nyumba hutampata anayejidunga heroini. Orodha ya kuchagulia sampuli haipo, na mtu anayewindwa na polisi hana sababu ya kumfungulia mlango mgeni mwenye daftari. Ndiyo maana tafiti nyingi za kundi hili, ukiwemo wa Zanzibar wa mwaka 2007, zimetumia njia ya RDS aliyoichapisha Douglas Heckathorn mwaka 1997: mshiriki anawaleta wenzake kwa kuponi.

Hatua ya 1: Zijue maskani, yaani vijiwe wanapokutania watumiaji. Ukishapata kibali cha maadili (Tanzania Bara ni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), kaa na waelimishaji rika waliowahi kutumia. Watakwambia wapi hapakanyagiki na saa ngapi watu wanahangaikia dozi. Asubuhi na mapema usitegemee mtu.

Hatua ya 2: Chagua mbegu. Hawa ndio washiriki wa kwanza. 6 hadi 8 wanatosha. Wachanganye kwa mtaa, umri na jinsia. Wanawake wanaojidunga hujificha zaidi, kwa hiyo weka mbegu wanawake na mhojaji mwanamke. Idadi ya sampuli uliyoikokotoa kwa kanuni ya kawaida izidishe kwa 2 hadi 4, maana marafiki hufanana.

Hatua ya 3: Gawa kuponi. Tatu kwa kila mtu, zenye namba na tarehe ya mwisho. Mshiriki analipwa kidogo kwa muda wake, kisha tena kwa kila aliyemleta akakidhi vigezo. Ukilipa sana, kuponi zitauzwa, na watakuja ambao hawajawahi kushika bomba la sindano. Mlangoni muombe mtu akueleze anavyoandaa dozi, mwanzo hadi mwisho. Anayejidunga hujibu bila kufikiri.

Hatua ya 4: Ridhaa. Aliye kwenye arosto (maumivu ya kukosa dozi) atasaini chochote ili apate nauli. Anayesinzia kwa stimu naye hakusikii. Wote wawili wape miadi, kuponi ibaki hai.

Hatua ya 5: Uliza vizuri. Hapa ndipo tafiti nyingi huharibika.

Ukiuliza "Je, mnachangia sindano?", wengi watasema hapana, na kwa uelewa wao hawadanganyi: kuchangia ni kudungana pamoja, wakati huohuo. Uliza hivi: "Mara ya mwisho ulipojidunga, bomba lile lilikuwa limetumiwa na mtu mwingine kabla yako?" Kisha uliza kijiko, pamba na maji. Maabara imeonyesha kirusi cha homa ya ini C kinaweza kubaki hai ndani ya bomba hadi siku 63. Dar es Salaam, mwaka 2005, watafiti waliripoti wanawake waliokuwa wakivuta damu baada ya kujidunga na kumpa mwenzao bomba hilo ili kumtuliza arosto. Swali la "kuchangia" lisingeliona jambo hilo.

Swali la pili linaloharibika kirahisi ni ukubwa wa mtandao, yaani idadi ya wanaojidunga anaojuana nao. Ukiuliza "Unawajua wangapi?", utajibiwa "wengi tu", au 100. Punguza kwa ngazi: unaowajua nao wanakujua, kati yao, wanaoishi jiji hili, kati yao, wenye miaka 18 na zaidi, kati yao, uliowaona ndani ya siku 30. Namba ya mwisho ndiyo unayoiandika.

Hatua ya 6: Pima. Mishipa mingi imeshaungua, hivyo tumia tone la kidole. Ukihitaji damu ya mshipa, muulize mwenyewe mshipa upo wapi. Kipimo cha kingamwili cha homa ya ini C kikiwa chanya, mtu amewahi kuambukizwa. Takriban 1 kati ya 4 huondoa kirusi bila dawa. Pima RNA, yaani kirusi chenyewe, kabla ya kumwambia kwamba anaumwa. Majibu ampe mnasihi, rufaa ya CTC (kliniki ya matibabu ya VVU) au kliniki ya methadone (dawa ya kutibu uraibu wa heroini) ikiwa tayari.

Hatua ya 7: Chambua kwa uzito. Anayejua watu 50 ana nafasi kubwa ya kuletewa kuponi kuliko anayejua 5, kwa hiyo wa kwanza hupewa uzito mdogo mara 10. Programu ya bure ya RDS Analyst hufanya hesabu hiyo. Chora pia minyororo ya walioletana: mnyororo uliozunguka mtaa mmoja tu hausemi lolote kuhusu jiji zima.

Kwenye ripoti andika wilaya, majina ya maskani yabaki kwenye faili lako. Polisi nao wanaisoma.