Jinsi ya kupiga picha za nyota juu ya mandhari asilia

Picha nyingi za nyota haziharibiwi na kamera duni. Zinaharibiwa na mambo mawili: mwezi ambao mpigaji aliusahau, na fokasi iliyokosea kidogo tu. Anayeyamudu hayo mawili atapata picha nzuri hata kwa kamera ya zamani. Asiyeyamudu hataokolewa na lenzi ya bei kali. Ndiyo maana tumeyapa nafasi kubwa hapa.

Kuchagua usiku

Usiku mzuri zaidi ni ule unaokaribia mwezi mpya, siku nne hivi kabla au baada yake. Usiku mwingine usiutupe: kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50, kwa hiyo siku tano baada ya mwezi mpevu bado kuna saa tatu au nne za giza safi mwanzoni mwa usiku. Kinachohitajika ni kujua saa ya mwezi kuchomoza na kutua mahali pale unapokwenda.

Jua kuzama si giza. Anga huwa jeusi kikamilifu jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo wa macho. Karibu na ikweta hilo huchukua zaidi kidogo ya saa moja. Kadiri unavyoelekea kwenye ncha za dunia muda huo hurefuka, na kupita latitudo ya 49 hivi kuna majuma ya katikati ya kiangazi ambapo giza kamili halifiki kabisa.

Wengi hutaka Njia Nyeupe (Milky Way), hasa sehemu yake pana na angavu iliyo upande wa makundinyota ya Mshale na Nge. Mwezi Machi sehemu hiyo huonekana kabla ya alfajiri. Juni na Julai huwa juu karibu usiku kucha. Septemba na mwanzo wa Oktoba iwahi jioni. Kuanzia Novemba hadi Januari huwa upande wa jua, hivyo haipatikani. Miezi hiyo geukia Jabari na Kilimia, ambazo zina rangi nzuri na hupendeza juu ya mlima. Kumbuka pia kwamba kitovu cha Njia Nyeupe kiko nyuzi 29 kusini mwa ikweta ya anga: ukiwa mbali kusini hupita karibu na utosi, na kukiweka pamoja na ardhi kwenye fremu moja kunataka lenzi pana sana au panorama, ukiwa kaskazini hubaki chini upande wa kusini, na hapo kupanga picha ni rahisi zaidi. Programu ya bure ya Stellarium itakuonyesha anga la saa na mahali popote kabla hujatoka nyumbani.

Kuhusu mwanga wa miji, kipimo kinachotumika sana ni kile alichokitoa John Bortle mwaka 2001, chenye ngazi 1 (giza kabisa) hadi 9 (katikati ya mji). Kwa Njia Nyeupe tafuta ngazi ya 4 au chini yake. Hata hivyo usiabudu namba. Mji ulio nyuma ya mgongo wako hausumbui kama ule ulio mbele ya lenzi, kwa hiyo upande unaoelekeza kamera una uzito kuliko umbali.

Fika mahali pako mchana. Jiwe linalopendeza, genge lisiloonekana, maji yanayojaa, njia ya kurudia: yote hayo yajulikane kabla ya jua kuzama.

Vifaa

Unahitaji kamera inayokubali kupangwa kwa mkono na kuhifadhi faili za RAW (picha ghafi ambazo kamera haijazichakata), lenzi ya milimita 14 hadi 24 kwa sensa kubwa ya full frame (10 hadi 16 kwa sensa ndogo zaidi ya APS-C) yenye tundu la f/2.8 au pana zaidi (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), tripodi, rimoti au taima ya sekunde 2, betri za ziada, na tochi ya kichwani yenye mwanga mwekundu. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe hufuta kazi hiyo papo hapo. Mwekundu hafifu huyaathiri kidogo sana.

Kwenye tripodi vuta kwanza vipande vinene vya miguu, na nguzo ya katikati iache chini. Ukining'iniza mkoba kwa uzito, uguse ardhi, la sivyo upepo utaubembeza na kamera itabembea nao. Ondoa filta ya kukinga lenzi, kwa sababu taa yoyote angavu huzaa kivuli chake cha mwanga ndani ya picha.

Simu mpya nyingi zina hali ya nyota inayounganisha picha kadhaa kwa dakika chache. Ifunge kwenye tripodi na ufuate ushauri wa mwezi na mahali. Namba zinazofuata hazikuhusu.

Fokasi

Alama ya mbali kabisa iliyochorwa kwenye lenzi haiaminiki. Lenzi nyingi hutengenezwa zipite alama hiyo kidogo ili fokasi otomatiki ipate nafasi ya kurudi, na joto nalo huisogeza. Fanya hivi:

1. Zima fokasi otomatiki na uzime kizuia mtikisiko.
2. Fungua tundu la lenzi lote, panda ISO (kiwango cha kamera kukuza mwanga) hadi 6400, na utazame kupitia kioo cha nyuma.
3. Weka nyota angavu karibu na katikati. Sirius, Zuhura au Mshtarii zinafaa. Taa iliyo kilomita kadhaa mbali pia inatosha.
4. Kuza mwonekano wa kioo mara 10. Unakuza kioo, si lenzi.
5. Zungusha pete polepole. Nyota itapungua hadi nukta, kisha itaanza kuvimba tena. Rudi pale ilipokuwa ndogo kuliko yote. Lenzi nyingi huonyesha ukingo wa zambarau upande mmoja wa fokasi na wa kijani upande wa pili. Mahali rangi hizo zinapobadilishana ndipo penyewe.
6. Piga picha moja, ikuze, kagua katikati na kwenye pembe zote nne.
7. Bandika utepe kwenye pete.

Lenzi zenye pete ya kielektroniki zina tabia mbaya: kamera ikizimwa au ikilala, nyingine husahau fokasi. Rudia ukaguzi kila inapowashwa, na tena baada ya saa moja hivi, maana baridi ikizidi fokasi huhama. Kwa lenzi ya zumu, kila unapobadilisha milimita anza upya.

Kupanga mwanga

Anza na f/2.8, sekunde 15, ISO 3200, RAW, na joto la rangi 4000 K. Kisha rekebisha ukijua sababu.

Muda wa shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, unabanwa na mzunguko wa dunia, nyuzi 15 kwa saa. Kanuni ya zamani ni kugawa 500 kwa milimita za lenzi, na kwa lenzi ya mm 20 inakupa sekunde 25. Ilifaa enzi za filamu. Kwenye sensa za leo nyota hugeuka vistari, kwa hiyo gawa 300 badala yake upate 15. Kwa sensa ya APS-C zidisha kwanza milimita mara 1.5. Anayetaka usahihi atumie kanuni ya NPF ya Frédéric Michaud: zidisha namba ya f kwa 35, ongeza ukubwa wa pikseli kwa mikromita mara 30, kisha gawa yote kwa milimita halisi za lenzi. Kwa f/2.8, mm 20 na pikseli ya mikromita 6 (sensa kubwa ya megapikseli 24) jibu ni sekunde 13.9. Kwa pikseli ya 4.3 linashuka hadi 11 na kitu. Ukielekea karibu na ncha za anga, ambako nyota huenda polepole, unaweza kuzidisha muda huo bila madhara.

ISO haiongezi mwanga hata chembe. Inakuza tu kilichokwisha kuingia. Chengachenga, yaani vidoa vya fujo kwenye picha, zinatokana na uhaba wa mwanga, na kuteremsha ISO huku mwanga ukiwa uleule hakuziondoi. Ikipanda mno, nyota hupoteza rangi na zote kuwa nyeupe. Kati ya 1600 na 6400 panatosha kwa kamera nyingi. Amua kwa histogramu, grafu ya mwanga inayoonyeshwa na kamera: kilima chake kiwe robo hadi theluthi kutoka kushoto, kisiguse ukuta. Kioo cha kamera gizani kinadanganya, picha iliyo nyeusi mno huonekana inang'aa. Kipunguze mwanga hadi mwisho.

Lenzi ya f/1.4 ibane hadi f/2, la sivyo nyota za pembeni huota mabawa kama ndege. Lenzi ya f/4 hupokea nusu ya mwanga wa f/2.8, bado inafaa, ila utalazimika kuunganisha fremu.

Mambo yakienda kombo, isome picha yenyewe. Nyota zikiwa duara kubwa laini, fokasi imekosea. Zikiwa vistari huku ardhi imetulia, muda ni mrefu mno. Nyota na ardhi vyote vikiwa na mtikiso wa umbo moja, lawama ni ya tripodi au upepo. Zikianza safi kisha zikazungukwa na ukungu fremu baada ya fremu, ni umande. Upande mmoja ukiwa mkali na wa pili hafifu, lenzi yenyewe ina hitilafu, na hakuna mpangilio utakaoiponya.

Ardhi ya mbele

Hapa ndipo picha ya mandhari inapotofautiana na picha ya anga tu. Ukifokasi kwenye nyota kwa mm 20 na f/2.8, hesabu inasema vitu vilivyo mbali zaidi ya mita 5 vitakuwa vikali. Kwa sensa ya leo ikikuzwa yote, mita 8 hadi 10 ndiyo namba ya kweli. Jiwe lililo mita moja na nusu mbele yako linahitaji fremu yake.

Njia inayotoa picha tulivu kuliko zote ni ya fremu mbili. Piga anga kwanza. Bila kugusa tripodi, sogeza fokasi kwenye ardhi, shuka ISO 800, acha shata wazi dakika 4, kisha uunganishe baadaye. Njia ya hilali ni rahisi zaidi: mwezi uliomulikwa asilimia 15 hadi 25, ukiwa chini na ubavuni mwa kamera, huchora vivuli vya kweli na kuacha nyota nyingi. Nusu mwezi tayari ni mwingi kwa Njia Nyeupe. Wengine hupiga ardhi wakati wa utusitusi na anga usiku, tripodi ikibaki palepale. Inakubalika mradi ardhi usiiache ya bluu na angavu kuliko anga, jambo ambalo jicho hulikataa mara moja.

Taa ya LED ndogo, iliyopunguzwa hadi mwisho, nayo hufaa. Iweke mbali na kwa ubavu, kamwe si kutoka kwenye kamera, kwani vivuli vyote hupotea na jiwe huwa bapa. Ukiweza kusoma kwa mwanga wake, umezidi. Baadhi ya hifadhi hukataza taa hizo, na wapigaji wengine waliopo wana haki ya giza lao.

Kwenye ziwa tulivu, nyota zilizo majini zinataka fokasi ileile ya nyota za juu, ingawa maji yako miguuni pako.

Fremu nyingi na michirizi

Piga fremu 16 mfululizo bila kusogeza chochote. Zikiunganishwa, chengachenga hupungua mara 4, kwa sababu faida hufuata kipeuo cha pili cha idadi. Programu za Sequator kwenye Windows na Starry Landscape Stacker kwenye Mac hulinganisha nyota huku zikiituliza ardhi. Ongeza fremu chache kwa mpangilio uleule lenzi ikiwa imefunikwa, zisaidie kuondoa nukta za rangi zinazotokana na joto la sensa. Satelaiti zikikatiza, muunganisho wa mediani huzifuta.

Kwa michirizi, yaani mistari inayochorwa na nyota anga linapozunguka, tumia sekunde 30 kila fremu, pengo lisizidi sekunde moja, ISO 800 hadi 1600. Saa moja ni fremu 116 hivi, na tao la nyuzi 15. Zima kipunguza chenga cha ndani ya kamera, maana baada ya kila fremu hupiga nyingine ya giza kwa muda uleule na kuacha mapengo kwenye mistari. Programu ya StarStaX itaunganisha fremu hizo. Duara huzunguka ncha ya anga, ambayo kimo chake ni sawa na latitudo yako. Kaskazini, nyota ya Kutubu iko umbali usiofika nyuzi moja kutoka hapo. Kwenye ikweta ncha zote mbili ziko kwenye upeo wa macho, na ukielekea mashariki mistari husimama wima.

Umande na baridi

Mkanda wa joto unaofungwa karibu na mdomo wa lenzi na kulishwa na pawabanki ndiyo dawa. Uwashe kabla umande haujaanza. Lenzi ikishalowa, kuifuta ni kazi ya bure, hulowa tena baada ya dakika chache. Usiipulizie pumzi. Betri za akiba ziwe mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Kwenye kompyuta

Anza na rangi, kisha marekebisho ya lenzi, kisha mwanga. Kitelezi cha kuongeza makali kikivutwa sana, kila nyota hupata duara jeusi na Njia Nyeupe hugeuka moshi. Ukiona mawimbi ya kijani karibu na upeo wa macho kwenye usiku ulio safi, usikimbilie kuyafuta: ni oksijeni ya angahewa ya juu inayong'aa yenyewe kwa nanomita 557.7. Punguza kijani kidogo tu, na uangalie nyota za buluu zisibadilike.