Linux Mint: andika jina la Ubuntu, si la Mint

Ukiongeza hazina ya programu ya nje kwenye Linux Mint (mfumo endeshi wa kompyuta), usiweke jina la toleo la Mint. Mint 22 huitwa Wilma, lakini imejengwa juu ya mfumo mwingine wa Linux, Ubuntu 24.04, yaani Noble, na watengenezaji wengi huandaa vifurushi vya Ubuntu tu. Ukiandika wilma, apt (zana ya kusakinisha programu) itagoma: hazina haina faili ya Release, yaani orodha ya toleo hilo. Fungua /etc/os-release, soma mstari wa UBUNTU_CODENAME, weka jina hilo. (LMDE, yaani Linux Mint Debian Edition, ni habari nyingine, hiyo hutoka moja kwa moja kwenye Debian, mfumo mwingine wa Linux.) Na ingawa Ubuntu nayo ni mtoto wa Debian, usichanganye hazina zao, matoleo ya maktaba (msimbo unaotumiwa na programu nyingi) hutofautiana, na kuyatenganisha baadaye ni kazi ya kuchosha kweli.